Kaa wa Maji na Kaa wa Moto

Jana asubuhi mpishi wangu alimaliza kuchoma kaa wa wageni, akachukua kopo la maji akayamwagia makaa yaliyobaki kwenye jiko. Tsss. Moshi mweupe ukapanda, na harufu ya jivu lililolowa ikachanganyika na harufu ya magamba ya kaa, ikanifuata mpaka mezani kwangu kwenye mapokezi, chini ya diploma yangu iliyotiwa fremu. Nilikuwa kwenye simu na bwana mmoja wa Nairobi aliyetaka vyumba vya juu. Nilimwambia asubiri. Mimi huwa simwambii mteja asubiri. Lakini jana nilikuwa nikimngoja Nadhra, aje kuniomba kazi, na harufu ile ilikuwa imemtangulia.

Mliokulia Kuze, hapa Mombasa, wakati wangu mnaijua nyumba hii. Ni ile yenye mlango wa nakshi ulioliwa na mchwa upande mmoja, kisima uani, na ngazi nyembamba inayomtaabisha mtu mnene. Warithi wake waligombana mpaka mtini ukaota ukutani. Ni mimi niliyeikodi, nikaing'oa mizizi ile, nikaipiga nyumba chokaa na kutia maji ya moto kila chumba ili iwe hoteli. Niliondoka humu nikiwa binti wa chumba cha chini, kile cha karibu na choo, kisicho na dirisha la njiani. Nimerudi na diploma ya usimamizi wa hoteli kutoka Maskati, niliyoisomea jioni baada ya kuosha sufuria za watu mchana kutwa, bila mjomba wa kunishika mkono wala mume wa kunifungulia njia. Nayasema haya kwa sauti kwa sababu nimechoka na watu wanaojifanya wanyenyekevu ilhali hawana cha kunyenyekea.

Zamani zile, nyumba yote ilikuwa ya Bi Mkubwa, nyanyake Nadhra. Wao walikaa juu. Sisi tulikuwa wapangaji wa chini, watu wa kutoka Taita, Wakristo, wenye kalenda ya kanisa ukutani na mapazia ya maua. Baba alifanya kazi ya kupakua meli kule Mbaraki. Mama alifua nguo za watu. Mimi nilikuwa na umri wa kung'oka meno ya mbele, na kazi yangu kubwa ilikuwa kumfuata Nadhra.

Nadhra alinizidi miaka miwili au mitatu. Alikuwa na nywele za kusukwa kila Ijumaa na mafuta ya nazi yaliyotiwa asumini, na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Pamoja naye alikuwa binamu yake, Sauda, ambaye kazi yake ilikuwa kurudia alichosema Nadhra. Na kilichotukutanisha sote watatu kilikuwa kifuniko cha kisima.

Kisima kilikuwa kimefunikwa kwa bamba la chuma lenye tundu katikati, palipokuwa pakipita kamba. Nadhra ndiye aliyetuambia kwamba chini ya bamba lile kulikuwa na nchi. Mbingu yake ni lile bamba. Mwezi wake ni lile tundu. Na ndani ya nchi ile mliishi mataifa mawili yaliyofanana kama pacha, hata mama zao waliwachanganya sokoni: Kaa wa Maji na Kaa wa Moto.

Hapa lazima nisimame kidogo kwa ajili ya wasiokulia mjini. Mtu wa Kuze wa asili akimtaja kaa, mnyama wa ufuoni, herufi ya kwanza hutoka na pumzi, kama mtu anayepoza chai. Akilitaja kaa la jikoni, neno hutoka kavu na pumzi hubaki kifuani. Ukiyaandika, ni herufi zile zile, na mwalimu hatakuonyesha tofauti ubaoni. Lakini midomo ya wazee waliijua, na midomo ya wajukuu wao iliirithi. Sisi wa chini tulisema yote kwa ukavu. Nyumbani kwetu kaa alikuwa kaa, awe anatembea au anawaka.

Basi mataifa yale mawili yalitofautiana kwa jina, na jina lilitofautiana kwa pumzi. Mengine yote Nadhra aliyatunga juu ya hapo, na mimi niliyaamini kama nilivyoamini mambo ya kanisani, pengine zaidi, kwa sababu padri hakuwahi kunionyesha tundu lenyewe.

Kaa wa Maji na Kaa wa Moto wote walikuwa wafupi, na wote walikuwa na macho yaliyochomoza. Wote walikula gizani, waliwafunika maiti wao kwa mchanga, na walijifungia ndani wageni walipopita juu ya bamba. Mtu wa Maji alibeba gamba chini ya kanzu yake. Mtu wa Moto alibeba wekundu ndani ya kifua chake, na kwa nje alikuwa mweusi. Mtu wa Maji alitembea upande upande, na hiyo ndiyo iliyokuwa heshima, kwa sababu hakumpa mtu mgongo. Mtu wa Moto alitembea moja kwa moja kama punda. Mtu wa Maji alisema kwa pumzi kwa kuwa alikuwa na pumzi za kutosha. Mtu wa Moto alisema kwa ukavu kwa hofu, maana pumzi ingemwasha akateketea. Mtu wa Maji akikatwa mguu, huota mwingine. Mtu wa Moto akivunjika, ni jivu. Tulikaa juu ya bamba lile saa nzima nzima tukiwalinganisha, Nadhra akihukumu, Sauda akirudia, mimi nikiuliza maswali. Niliwahi kuuliza nani kati yao aliyetangulia kisimani. Nadhra aliniangalia kwa huruma akaniambia kwamba kisima ni cha maji. Sauda akasema ndiyo, ni cha maji.

Siku moja Nadhra alikuja na karatasi ya kung'aa, ya rangi ya fedha, kutoka ndani ya pakiti ya sigara ya mjomba wake. Akaifunga kwa uzi, akaining'iniza kwenye mnyororo wa mlango wa uani. Akasema watu wa mataifa yale walipanda juu zamani wakaingia katika watu, kwa hivyo kila mmoja wetu ana asili ya upande mmoja, na karatasi ndiyo itakayotoboa siri. Akaiwekea mdomo karibu akasema jina la mnyama. Karatasi ikaruka. Akasema jina la moto. Karatasi ikatulia kama imekufa. Sauda naye akafanya hivyo hivyo. Nikasogea mimi. Nikasema jina la kwanza, karatasi haikutikisika. Nikasema la pili, haikutikisika. Nadhra akaniambia nirudie. Nilirudia mpaka mate yakailowesha.

"Mimi nilijua," Nadhra akasema, bila ubaya wowote, kama mtu anayesoma bei. "Babake yuwarudi mweusi kila siku. Hamkuona?"

Nilikuwa nimeona. Mbaraki walikuwa wakipakua mzigo wa vumbi, na Baba alirudi amepakwa weusi kutoka utosini hadi viatuni, macho mekundu, sauti imekauka. Kila kitu kikaingia mahali pake. Baba alitembea moja kwa moja. Baba alisema kwa ukavu. Baba alikuwa na joto kifuani, nililijua kwa sababu nililala juu yake. Jumapili ile, alipojilaza kwenye mkeka baada ya kanisa, nilichukua kopo la maji nikammwagia kifuani ili nione kama atazimika.

Aliruka akikohoa. Mama alishika ufagio. Baba alimzuia, akaniuliza nimeota nini. Nikamweleza habari za kisima, za mataifa mawili, za karatasi. Alisikiliza mpaka mwisho huku maji yakimdondoka kidevuni, kisha akacheka.

"Mwambie huyo Nadhra mimi ni mtu wa Taita," alisema. "Mimi si jiko."

Lakini alisema kwa ukavu, na mimi nilikuwa nikisikiliza pumzi tu.

Mtoto mwingine angelia akaacha. Mimi sikuumbwa hivyo, na yeyote aliyefanya kazi chini yangu anaweza kuwaambia. Nilijifunza. Nilikwenda nyuma ya mlango na sinia la unga wa Mama, nikasema lile neno juu ya unga mpaka unga ukaanza kuruka. Nilipigwa kwa ajili ya unga ule. Nikahamia kwenye vumbi la dirishani, kisha kwenye manyoya ya kuku. Nilikuwa napuliza hata nikiomba chai, napuliza nikisema kikombe na kuku na kitanda, mpaka Mama akadhani nimeshikwa na kifua akanichemshia tangawizi na ndimu. Niliinywa yote. Nilifikiri itanisaidia kupuliza.

Nilikuwa na sababu. Shangazi yake Nadhra alikuwa aolewe, na wasichana wadogo walitakiwa wapande na masinia ya asumini na vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia, siku ya wanawake, wayapitishe mbele ya wageni. Nilikuwa nimeyaona masinia yale yakioshwa uani. Sijawahi kukitaka kitu tena namna ile, hata hii diploma. Huko juu sikuwahi kufika ila mlangoni, kupeleka nguo zilizofuliwa na kupokea vikapu vitupu. Nadhra alikuwa ameshatangaza sheria: watu wa Moto hawashiki maua, yatanyauka. Asiyeirusha karatasi habebi sinia.

Nilisimama mbele ya karatasi nikasema jina la mnyama, na karatasi ikaruka, ikaugonga mlango. Sauda alifungua kinywa akamtazama Nadhra ajue aseme nini. Nadhra akaniambia niseme jina la moto. Nilikuwa nimejawa na furaha, kifua kimejaa hewa, na pumzi kidogo ikaponyoka. Karatasi ikatetemeka.

"Nusu," akahukumu Nadhra. "Umevuka nusu. Utabeba sinia dogo. Lakini ukikosa mara moja tu, washuka, na hupandi tena. Wasikia?"

Nilisikia. Mama alinishonea gauni kutoka kwenye pazia letu la maua, kwa hivyo dirisha letu la uani likabaki wazi. Siku yenyewe alasiri, niliipanda ngazi hii hii, ambayo sasa naipanda kutwa nikiwa na funguo zote kiunoni, nikiwa nimelishika sinia dogo la vikuba kwa mikono miwili, nikisema moyoni jina moja tu, kwa pumzi.

Huko juu palikuwa na joto la watu na rangi. Wanawake walikuwa wameketi mikekani kuzunguka ukumbi mzima, mabuibui yamevuliwa, dhahabu zimetolewa nje, leso mpya zinanuka harufu ya dukani. Bibi harusi alikuwa amefunikwa kijani. Bi Mkubwa alikuwa ameegemea mto karibu na dirisha, mwanamke mnene mwenye miguu iliyovimba, na mbele yake kulikuwa na chetezo. Nilipitisha sinia langu. Kila mwanamke alichukua kikuba chake, na wengine walinishika shavu. Hakuna aliyenyauka. Hakuna ua lililonyauka. Nadhra alinitazama kutoka upande wa pili, na naapa alikuwa karibu kutabasamu.

Nilipofika kwa Bi Mkubwa sinia lilikuwa tupu. Chetezo chake kilikuwa kimezimika, na mama mmoja alikuwa akilalamika kwamba udi hautoi moshi. Kulikuwa na kelele za vifijo na ngoma. Bi Mkubwa aliniangalia, akaliangalia gauni langu, akaupigapiga mkeka kwa kiganja, mahali patupu kando yake.

"Kaa, mwanangu," akasema.

Sikusikia kama lilikuja na pumzi au bila. Kelele zilikuwa nyingi, na moyo wangu ulikuwa na kelele zaidi. Nilijua jambo moja: huu ndio mtihani wenyewe. Wanataka niwaletee kaa, na kiganja kile kinanionyesha pa kumweka. Ila kaa yupi? Nilikitazama chetezo kilichozimika. Mtu yeyote mwenye macho angedhani ni kaa la moto. Na nikaona hapo hapo mtego ulipo. Nikienda jikoni nikaleta kaa la moto, nitakuwa nimetaja taifa langu kwa mikono yangu mbele ya wanawake wote wa Kuze. Mtu wa Maji angeleta nini? Mtu wa Maji angeleta ndugu yake.

Asubuhi ile, mwenzake Baba wa kazini alikuwa amempa kaa wa mikokoni. Walikuwa kwenye ndoo chini ya kitanda chetu, magando yamefungwa kwa ukili. Niliishuka ngazi mbio, nikachagua aliye mkubwa kuliko wote, nikamweka juu ya sinia la vikuba, nikapanda. Nilikuwa na furaha. Nataka mlielewe hilo. Sijawahi kuipanda ngazi hii na furaha kubwa namna ile.

Nilipiga magoti nikamweka pale kiganja kilipopiga. Ukili ulikuwa umelegea. Kaa aliinua gando, akajitupa kutoka kwenye sinia, akakimbia upande upande juu ya mkeka kuelekea kwa bibi harusi. Wanawake waliruka. Sinia la asumini lilipinduka, mtu akakanyaga chetezo, majivu yakaenea kwenye pindo za hariri. Mama mmoja mwenye kilo nyingi alipanda juu ya kiti cha bibi harusi na kiti kikakubali kuvunjika. Kisha walicheka. Walicheka kama wanawake wanavyocheka wakiwa peke yao, kwa mapaja na mabega, wakishikana. Bi Mkubwa alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya leso, kifua kinampanda, hawezi kusema neno.

Mama yake Nadhra aliniuliza nani amenituma nilete mdudu yule. Nikamnyooshea kidole Bi Mkubwa. Bi Mkubwa akajishika kifua, akatikisa kichwa, akasema "Mimi?" na kicheko kikamrudia upya.

"Na mwongo pia," mama yake Nadhra akasema.

Hapo Nadhra akaja mbele. Alikuwa na asumini nywelini. Alinyamaza mpaka wanawake wakanyamaza, kama alivyojua kufanya, halafu akazungumza kwa upole.

"Msimkasirikie. Huyu si wetu, hakujua. Ni kaa." Akalisema kavu, kavu kabisa, bila hata chembe ya pumzi. "Mwatarajia nini kwa kaa?"

Alinipokonya sinia. Nilishuka.

Baba alikuwa amerudi, bado amepakwa lile vumbi. Alinyoosha mikono. Nikamwambia asinishike.  Alijiosha, akawasha jiko uani karibu na kisima, na jua lilipokuwa likishuka akamchemsha yule kaa, ambaye walikuwa wamemtupa ngazini. Akaniita nitazame alivyobadilika rangi.

"Ona," aliniambia. "Kaa huyu huwa mwekundu mara moja tu, siku ya kufa. Kaa hili ni jekundu lingali hai."

Akasema yote mawili kwa ukavu ule ule. Nilimkumbuka kwa hayo miaka mingi, na nimeyatumia. Wageni wangu hunywa chai ya tangawizi uani wakinisikiliza nikiwahadithia nchi ya chini ya bamba, na katika hadithi yangu watu wa Moto hushinda kila mara. Nimewalinganisha kwa akili ya mtu aliyesoma na sioni shaka. Wa Maji anachemshwa na nani?

Lakini siku ile sikula. Na kesho yake nilipopita uchochoroni Sauda alikuwa na kopo. Akamwaga maji nyuma ya visigino vyangu akasema tsss. Nadhra hakusema tsss hata siku moja. Alikuwa akitazama tu. Mtaa mzima uliichukua. Wavulana wa chuo cha Kurani, muuza mahamri, hata watoto waliozaliwa baada ya harusi ile na wasiojua chanzo chake. Nilikua nikiisikia tsss nikienda kanisani, nikienda kuchukua matokeo ya mtihani, nikienda na sanduku langu siku ya kusafiri. Sauda ameachwa mara mbili tangu hapo. Sijawahi kuuliza kwa nini, na sijasikitika.

Maskati niliipeleka pumzi yangu. Nilikuwa nimeikamilisha. Naweza kuzima mshumaa kwa jina la kaa na kuliacha jina la moto lipite mbele ya mwali wake bila kuutikisa. Hotelini walikuja mabibi wazee waliozaliwa huku kwetu pwani, wanaozungumza Kiswahili cha zamani, na waliponisikia waliulizana mimi ni binti wa nani wa Mombasa. Nikawaambia ni wa Kuze. Hawakushuku. Msimamizi wangu akaanza kunitoa jikoni niwahudumie wao tu, na hivyo ndivyo nilivyopanda, kwa pumzi ile ile.

Alasiri moja niliwapelekea kahawa, na chetezo juu ya sinia. Nilikuwa nimesimama tangu alfajiri. Mmoja wao, mwenye miguu iliyovimba, aliniangalia uso, akapigapiga mto uliokuwa kando yake.

"Kaa, mwanangu," akasema. "Pumzika kidogo."

Sinia lilikuwa mikononi mwangu. Nilisimama pale kama niliyepigwa. Katika vita vyetu vyote vya kaa na kaa, hakuna aliyekumbuka kuwa lipo la tatu, la kuketi. Ni kavu. Halina pumzi. Kiganja cha Bi Mkubwa hakikuwa kikionyesha pa kuweka kitu. Kati ya wanawake wote wa ukumbi ule, mwenye nyumba alikuwa ameniambia niketi kando yake, na mimi nikamletea mnyama.

Nilimimina kahawa yote bila kumwaga tone. Ndivyo nilivyofunzwa.

Sasa nirudi jana. Nadhra alikuja saa nne, kama alivyoahidi, na binti yake wa umri wa kung'oka meno. Wameishi Kizingo tangu alipoolewa, nyumba ya ukuta na lango, na sasa mume ameondoka na lango limeondoka naye. Buibui lake lilikuwa safi, limefifia kwenye viwiko. Alisimama mbele ya meza yangu, akaitazama diploma, akaniuliza kama namkumbuka.

"Nakukumbuka."

"Tulikuwa watoto," akasema.

"Mimi nilikuwa mtoto," nikamwambia. "Wewe ulikuwa mwenye nyumba."

 Binti yake alikuwa amechungulia jikoni, ambapo ndoo ya kaa wa jioni ilikuwa sakafuni. Akamvuta mama yake mkono.

"Mama, ona kaa."

Kavu. Kavu kama gunia la mkaa. Amesomeshwa Kiingereza huko Kizingo, na pumzi imekatika kwake. Nadhra alilisikia, nami nikamwona amelisikia. Midomo yake ilijikunja kuanza kumsahihisha, kisha akaniona ninavyomtazama, akamminya mtoto mkono. Mtoto akauliza amesema nini kibaya. 

Kando ya Nadhra kulikuwa na kiti cha wageni, chenye mto niliouchagua mwenyewe. Mtu aliyelelewa nyumba hii haketi kwa watu mpaka aambiwe, hata akiwa amechoka vipi, hata nyumba ikiwa ilikuwa ya nyanyake. Nadhra alikitazama kiti, akanitazama mimi, akangoja. Nikafungua faili na kuanza maswali. Amewahi kufanya kazi wapi? Hakuwahi. Anajua kompyuta? Kidogo. Ataweza kuamka mapema, kutandika vitanda, kuosha choo cha mgeni? Ataweza. Alisimama muda wote, mara kwenye mguu huu, mara kwenye ule, na mtoto amemwegemea pajani. Miguu yake imeanza kuvimba kama ya Bi Mkubwa.

Jikoni mpishi akamwagia maji jiko la pili. Tsss. Nadhra aligeuza shingo haraka kuliko mimi, halafu akageuka kwangu polepole, na nikajua kwamba amekumbuka yote, karatasi na sinia na uchochoro. Alikuwa bado akingoja kando ya kiti. Neno lenyewe ni jepesi, halihitaji hata pumzi.

Nililiacha kifuani, nikauliza swali lililofuata.